Mikono Iliyoshika Kamera, Kutoka Vugiri Hadi Pangani

Mwaka 1935, kwenye milima ya Usambara juu ya mji wa Korogwe, ulianza mradi wa filamu ambao wakazi wengi wa Mkoa wa Tanga hawajawahi kuusikia. Mahali penyewe ni Vugiri. Mradi ulijulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, na hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35. Hayo yalitokea wakati Tanganyika haina hata redio yake; redio ya Dar es Salaam ilikuja kusikika mwaka 1951. Anayetaka kujua namna vijana wa pwani hii wanavyojifunza kutengeneza video kwa vitendo hana budi kuanzia huko mlimani, kwa sababu swali lililozuka Vugiri bado halijaondoka darasani: mwanafunzi akikabidhiwa kamera, anakabidhiwa pia uamuzi wa kipi kipigwe na kwa nini?

Aliyeongoza kazi ya kupiga picha alikuwa Meja Leslie Notcutt. Aliwahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na huko ndiko alikoanza kuwaza, katika miaka ya 1920, kwamba sinema ingeweza kuwaburudisha vibarua na kuwatuliza kambini. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni wa pwani hiyohiyo: mwaka 1893 Richard Hindorf alipanda Kikogwe, kusini mwa Mto Pangani, miche 62 iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Florida. Kwa hiyo wazo la filamu za Vugiri lilizaliwa katika uchumi wa mashamba, na halikuficha asili yake. Fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la New York. J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni alikuwa mkurugenzi, na G. C. Latham, aliyewahi kusimamia elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, alishika upande wa elimu.

Moja ya filamu za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wa shamba wanalipwa mishahara. Mmoja anafukia fedha zake sakafuni, mwizi anamwona, anaibiwa. Mwenzake anaziweka posta, zinabaki salama. Nyingine zilihusu safura, chai, kahawa, mmomonyoko wa udongo, ngozi za mifugo. Ni filamu za kufundisha, na aliyeamua kinachofundishwa alikuwa ofisini.

Lakini kazi yenyewe ilihitaji mikono, na mikono mingi ilikuwa ya wenyeji. Hapo ndipo pana utajiri wa habari hii.

Walipiga kwa filamu ya milimita 16. Rola ya futi 100, ikienda kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, huisha kabla ya dakika tatu kutimia. Kila sekunde ilikuwa fedha. Baada ya kupiga, filamu ilisafishwa hukohuko Vugiri, na kusafisha filamu ni kazi ya gizani: mtu hufanya kazi kwa mazoea ya vidole, huhesabu muda, husuuza, hutia dawa ya kugandisha picha, huosha kwa maji mengi safi, kisha huanika mahali pasipo vumbi. Dawa ikipata joto kupita kiasi picha huharibika, ndiyo maana baridi ya milimani ni neema ambayo Tanga mjini haina. Notcutt na Latham walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1937 kwamba vijana wa Kiafrika waliofundishwa waliweza kufanya sehemu kubwa ya kazi za kila siku za chumba cha giza na za studio ya sauti. Kwa maofisa wa kikoloni wa wakati ule, wengi wao wakidhani Mwafrika hawezi hata kufuata picha zinazobadilika haraka, huo haukuwa ushahidi mdogo.

Sauti nayo ilikuwa na mafunzo yake. Haikuchapwa juu ya filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri, na santuri ikachezwa sambamba na mashine ya kuonyeshea. Fundi alipaswa kuweka sindano mahali pake barabara na kuanzisha vyombo vyote viwili kwa wakati mmoja. Akikosea kidogo, msimulizi anataja mbuzi wakati pazia linaonyesha mgomba. Faida yake ilikuwa kubwa: picha zilezile zikabeba santuri ya Kiswahili leo, na santuri ya lugha nyingine kesho, kadiri gari la maonyesho lilivyovuka mipaka. Gari hilo lilizunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda.

Kwa hiyo Vugiri ilikuwa shule ya vitendo, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Kijana aliyeanza kwa kubeba stendi angeweza kumaliza akijua kusafisha filamu, kurekodi sauti na kuendesha onyesho mbele ya umati. Jambo moja tu hakufundishwa: kuandika kisa chake mwenyewe na kuamua kiishie wapi. Masimulizi ya historia yamehifadhi majina ya Notcutt, Latham na Davis. Waliosafisha rola gizani, waliotia sauti na walioigiza hutajwa kwa jumla tu, kama "wenyeji". Fedha zilipokwisha mradi ukafungwa, na ujuzi wao ukatawanyika bila cheti wala jina. Hasara hiyo haijawahi kupimwa, na inastahili kuuma.

Sehemu nyingine za Afrika zilipata bahati tofauti kidogo. Mwaka 1948 kitengo cha filamu cha serikali ya kikoloni ya Uingereza kilifungua mafunzo mjini Accra kwa wanafunzi wachache kutoka Ghana ya leo na Nigeria. Mmoja wao, Sam Aryeetey, baadaye aliongoza shirika la filamu la Ghana. Tanganyika haikupata shule ya namna hiyo. Ilipata watu waliojifunza wakiwa kazini. Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi na sinema za kuzungushwa vijijini, akawa nyota wa filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Serikali huru ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na mwaka 1974 ikapatikana taasisi ya picha na sauti Dar es Salaam kwa msaada wa Denmark. Vifaa vilikuwa vichache, filamu ghali, na aliyetaka ujuzi wa juu alikwenda nje.

Kilichobadilisha hali ni video. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba kamera ya kawaida na kanda vinaweza kulisha soko la nchi nzima, na baada yake vijana wakajazana katika kazi hiyo. Wengi waliingia bila shule. Walijifunza kwa kumtazama mwenzao, kuharibu, na kurudia.

*

Kwenye pwani ya kaskazini, mfano unaofaa kukaliwa kitako uko Pangani. Shirika la UZIKWASA, kifupi cha Uzima kwa Sanaa, lilianza na sanaa za maonyesho vijijini: kikundi kinaigiza jambo linalowasumbua watu, kisha watazamaji wanalijadili. Kutoka hapo likaingia katika filamu. Fimbo ya Baba ilitoka mwaka 2006, ikafuatwa na Chukua Pipi, kisha Aisha mwaka 2015, ambamo Godliver Gordian anaigiza mwanamke mfanyabiashara anayerudi kwao kwa ajili ya harusi, akabakwa na kundi la vijana, na kijiji kinataka yaishe kimyakimya. Mwongozaji ni Chande Omar. Shirika lina pia redio yake, Pangani FM.

Tofauti yake na Vugiri si ya vifaa. Filamu ya safura ilimfundisha mwanakijiji jambo ambalo daktari alilijua. Filamu ya Pangani inagusa jambo ambalo kijiji chenyewe kinalijua na kinaogopa kulisema. Hapo mtengenezaji hawezi kujificha nyuma ya utaalamu. Mavazi yakikosewa, lafudhi ikiwa ya Dar es Salaam pasipostahili, mjumbe akizungumza kama hakimu wa tamthilia, mtazamaji wa Pangani atajua kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Watazamaji wa namna hiyo ni walimu wakali, na mwanafunzi wa video aliyepata bahati ya kuwa nao hana haja ya kutamani wengine.

Mazoezi ya mwanzo ya mwanafunzi huwa madogo, na pwani hii ina mazoezi tele. Kivuko cha Pangani, kinachovusha watu na magari kati ya mji na Bweni, ni mojawapo. Kina mwanzo, katikati na mwisho vilivyo wazi: watu wanasubiri, wanavuka, wanashuka. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi aeleze uvukaji huo kwa shoti kumi, bila maneno. Inaonekana rahisi mpaka ajaribu.

Kosa la kwanza karibu wote hulifanya: kuzungusha kamera. Mwanafunzi anaanza kwenye pantoni, anahamia kwenye baiskeli, anapanda kwenye minazi, anarudi kwenye uso wa mtu, yote katika shoti moja inayoyumba. Akikaa kwenye kompyuta kuhariri hana pa kukata. Siku inayofuata anajifunza kutuliza stendi, kuhesabu mpaka kumi kabla ya kuzima, na kutenganisha picha ya mbali inayoonyesha mto na ng'ambo yake, picha ya kati ya foleni, na picha ya karibu ya mkono unaokabidhi nauli. Mkono huo ndio unaobeba hadithi. Lakini ili uonekane inabidi asogee, asalimie, ajieleze, akubaliwe. Kijana anayempiga mzee picha kwa mbali kabla ya kusema shikamoo amepoteza picha na heshima kwa pamoja.

Kisha linakuja somo ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kulieleza vizuri, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya bahari hii: maji. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pwani ya Tanga hupita mita tatu. Mwanafunzi anayepiga mazungumzo ya wavuvi ufukweni saa mbili asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi saa tano kumalizia upande wa pili wa mazungumzo yaleyale, anakuta ngalawa iliyokuwa ikielea imelala ubavu mchangani. Akiunganisha picha hizo, mvuvi mmoja anaongea baharini na mwenzake anamjibu nchi kavu. Hakuna programu ya kuhariri itakayomwokoa. Ndipo anapoanza kufanya anachofanya kila nahodha: kuuliza mwezi una siku ngapi kabla ya kupanga ratiba.

Jua nalo lina taratibu zake. Pwani ya Tanga hutazama mashariki, kwa hiyo asubuhi mwanga hutoka baharini na kumwangaza usoni anayeitazama bahari. Alasiri anageuka kivuli. Adhuhuri jua liko utosini, na kofia ya mkeka hufunika macho yote. Nguo nyeupe huleta shida nyingine. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, huiona kanzu inang'aa, ikapunguza mwanga, na uso mweusi wa aliyeivaa ukazama gizani. Mwanafunzi hufundishwa kupima mwanga usoni na kuiacha kanzu ing'ae. Ni jambo la kiufundi, lakini lina uzito wake, maana vyombo vya picha kwa miaka mingi vilitengenezwa na kupimwa kwa ngozi nyeupe, na kijana wa Tanga anayejifunza kuangaza uso wa mama yake vizuri anasahihisha kosa la muda mrefu.

Ndani ya nyumba, tatizo ni taa. Umeme wa Tanzania hupiga mara 50 kwa sekunde, ilhali simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa kupiga picha 30 kwa sekunde. Chini ya taa za mirija matokeo yake ni mwanga unaocheza, mistari inayopanda na kushuka ukutani. Dawa yake ni kuweka picha 25 kwa sekunde na kufungua shata kwa moja ya hamsini ya sekunde. Wengi hulijua hilo baada ya kuharibu mahojiano ambayo hayawezi kurudiwa.

Na sauti ndiyo humtesa mgeni wa kazi hii kuliko vyote. Macho husamehe picha yenye ukungu kidogo, masikio hayasamehe. Upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, na kusi katikati ya mwaka, huingia kwenye maiki ukasikika kama lori. Kwenye soko la samaki la Deep Sea mjini Tanga, mnada, injini za boti na kelele za barafu inayopondwa huchanganyika hata neno la muuzaji lisisikike. Mwanafunzi anajifunza kuivika maiki kava lake la manyoya, kuisogeza karibu na mdomo, kumfanya msemaji aupe upepo kisogo. Anajifunza pia kurekodi sauti ya mahali peke yake, bila mtu kuongea, ili apate cha kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Halafu anagundua kwamba swali la "Unapenda kazi yako?" huzaa jibu la "Ndiyo", na filamu haiendi kokote. Anarudi kuuliza samaki wa leo amevuliwa wapi, nani anapanga bei, na msimu wa upepo mkali nyumbani kunaliwa nini. Hapo mama muuza samaki anasimulia, na kijana anatambua kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kunyamaza.

Kuhariri ndiko kunakoonyesha kama amesikiliza. Klipu zinapopangwa, zoezi la kivuko linaweza kuwa habari ya usafiri, au ya wanafunzi wanaochelewa shule, au ya wachuuzi ambao maisha yao yanategemea mashine moja isiharibike. Picha ni zilezile. Uchaguzi huo ndio ambao kijana wa Vugiri hakuruhusiwa kuugusa, na ndio unaomgeuza mtu kutoka msaidizi kuwa mwongozaji.

Yupo Mtanzania aliyeonyesha njia hiyo kwa hatua zinazofuatika. Amil Shivji, aliyesomea filamu Toronto, alirudi nyumbani akaanza na kazi fupi: Shoeshine mwaka 2013, Samaki Mchangani mwaka 2014. Filamu yake ndefu, T-Junction, ilifungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017. Mwaka 2021 alitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Hakuna aliyeruka ngazi hapo. Filamu fupi zilimfundisha gharama ya shoti moja kabla hajakabidhiwa filamu ya saa moja na nusu.

Kwa kijana wa Tanga asiye na uwezo wa kwenda Canada, Bagamoyo iko karibu zaidi. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kina wanamuziki, wacheza ngoma na waigizaji katika eneo moja. Hiyo ni hazina kwa anayejifunza kamera, kwa kuwa kundi la kupigiwa picha liko mlango wa pili. Aliyebaki nyumbani ana simu yake, na simu ya leo hupiga kwa muda ambao Notcutt angehitaji sanduku zima la rola. Wingi huo una hasara yake: asiyeogopa kupoteza filamu hupiga saa nne za picha asizozihitaji. Walimu wazuri huurudisha ubahili wa zamani kwa makusudi, wakiweka ukomo wa dakika tatu kwa siku nzima.

Lipo pia suala la sheria, na afadhali lifundishwe mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali cha kutengeneza filamu na ukaguzi kabla ya kuionyesha hadharani, chini ya Bodi ya Filamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa ridhaa ya anayepigwa. Zaidi ya karatasi, kuna ridhaa ya kweli: mvuvi aliyeambiwa "ni zoezi la shule tu" ana haki ya kukasirika akijiona mtandaoni mwezi unaofuata.

Vyuo hutoa alama za kazi ya vitendo kwa kutazama picha kali, sauti safi, uhariri usiokwama. Vingeweza kuongeza sharti moja: kabla ya kusahihishwa, kazi ionyeshwe mahali ilipopigwa, mbele ya waliomo ndani yake, na mwanafunzi aandike waliyomwambia na alichobadilisha. Gharama si kubwa. Inatakiwa projekta, shuka jeupe, spika mbili, jenereta ndogo kwa siku umeme unapokatika, na taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Majina ya wote walioshiriki, na ya wale waliobeba stendi na kushika maiki, yaandikwe mwishoni kwa herufi zinazosomeka, na orodha hiyo nayo itiwe alama.